Furukombe: Jina Lake, Maji Yake na Historia Yake

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili, hata yule aliyezaliwa mbali na pwani, humfahamu mwewe. Amemkuta katika methali, kwani dua la kuku halimpati mwewe, na amemwona uani akinyakua vifaranga. Kipanga naye si mgeni masikioni mwake. Lakini yuko ndege mwindaji mwingine, mkubwa kuliko hao wawili, ambaye sauti yake husikika asubuhi juu ya maziwa yetu, na ambaye wanafunzi wetu humwona kila siku bila kuwa na jina la kumwita kwa Kiswahili. Ndege huyo ni furukombe.

Katika makala haya tutaeleza furukombe ni ndege wa namna gani, majina yake yana habari gani, na jinsi historia yake ilivyofungamana na matendo ya wanadamu katika maji ya Afrika. Tutaeleza pia kwa nini tunaona kwamba jambo hili linamhusu mwalimu wa lugha, wala si mwalimu wa elimu ya viumbe peke yake.

Kosa lililotuamsha

Yafaa tukiri kwanza kwamba jambo hili tulilianza kwa kosa letu wenyewe. Sisi hufundisha katika shule iliyo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Siku moja tuliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Ndege wa kwetu". Mmoja wao aliandika juu ya ndege mwenye kichwa cheupe ambaye hutua juu ya mti mrefu kando ya maji. Alimwita tai, akaongeza kwamba tai hula mizoga, na kwamba ndege yule hukaa pale akingojea ng'ombe afe. Sisi tulisahihisha upatanisho wa sarufi, tukaweka alama, tukaona kazi imekwisha.

Insha ile iliposomwa mbele ya darasa, mwanafunzi mwingine, mtoto wa mvuvi, alinyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "ndege yule hangojei mizoga. Baba humwona kila siku akikamata samaki wazima ziwani. Tai mla mizoga ni mwingine, yule mwenye shingo tupu. Basi huyu wa ziwani aitwaje kwa Kiswahili?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha Kiswahili kwa miaka karibu ishirini, na tulikuwa tumemsikia ndege yule akilia juu ya paa la darasa miaka yote hiyo. Tulimwambia mwanafunzi angoje hadi kesho. Usiku ule tulifungua kamusi, na neno lilikuwamo, likitungoja: furukombe. Wengine humwita fukombe. Lugha haikuwa na upungufu wowote. Upungufu ulikuwa wetu.

Habari zake za asili

Furukombe hupatikana karibu katika nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara, kuanzia Senegali na Ethiopia hadi Afrika ya Kusini, mradi pawe na maji mapana na miti mirefu ya kutulia. Maziwa yetu makubwa ni makao yake makuu. Atakayesafiri kwa mashua katika Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, atawaona wametua mmoja baada ya mwingine kando ya maji, kila jozi ikilinda sehemu yake ya ufuko.

Kumtambua si kazi ngumu. Kichwa chake, kifua na mkia ni vyeupe. Tumbo na mabega ni ya rangi ya hudhurungi iliyoiva. Mabawa ni meusi. Na ngozi ya uso ni ya manjano. Jike ni mkubwa kuliko dume, kama ilivyo kwa ndege wawindaji wengi: dume huwa na uzito wa kilo 2 hadi 2.5, na jike huweza kupita kilo 3. Mabawa ya jike yakikunjuliwa hufikia upana wa zaidi ya mita 2. Mtoto wake hafanani naye. Huwa na madoa ya kahawia mwilini, na huchukua kiasi cha miaka 5 kabla ya kuvaa ule weupe wa utu uzima. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mtoto na mzazi ni ndege wa aina mbili tofauti.

Uwindaji wake ni wa subira. Sehemu kubwa ya mchana furukombe hukaa juu ya mti, akiyatazama maji. Amwonapo samaki aliye karibu na uso wa maji, hujitupa chini kwa mteremko mrefu, hunyosha miguu mbele, na kumnasa bila kuzama. Nyayo zake zina vijiba vikali vinavyozuia samaki asiteleze. Samaki wa kilo moja na zaidi kidogo humbeba hewani. Akiwa mzito mno, humkokota juu ya maji, akipiga mabawa hadi ufukoni. Wala hana haya ya kuchukua jasho la wenziwe: huwanyang'anya korongo na mdiria samaki waliowakamata wenyewe. Mahali penye samaki wachache huweza kubadili chakula. Katika Ziwa Bogoria, nchini Kenya, ambalo maji yake ni ya magadi na hayana samaki, furukombe huwinda heroe.

Dume na jike hukaa pamoja mwaka hata mwaka. Kiota chao hujengwa kwa vijiti juu ya mti mkubwa, nao hukirudia na kukiongeza kila msimu, hata kikawa na upana wa zaidi ya mita moja. Jike hutaga yai 1 hadi 3, mara nyingi mawili, na mayai huatamiwa kwa muda wa siku 42 hadi 45. Makinda hukaa kiotani siku 70 hivi kabla ya kuruka.

Kinachomtofautisha furukombe na ndege wengine wote ni mlio wake. Huurudisha kichwa nyuma, hata akiwa angani, na kutoa sauti kali ya kuitana ambayo hupita juu ya maji mbali sana. Mara nyingi mmoja huanza na mwenzake humjibu, sauti ya dume ikiwa nyembamba zaidi na ya jike nzito kidogo. Hapana mtu aliyeishi kando ya ziwa akausahau mlio huo.

Majina na watu

Mlio huo ndio uliompa jina lake la kitaalamu. Msafiri Mfaransa François Levaillant alitembea katika nchi ya Rasi, kusini ya Afrika, kati ya mwaka 1781 na 1784. Alipoandika habari za ndege wa Afrika, alimwita ndege huyu kwa neno lenye maana ya mpiga makelele. Mwaka 1800 mtaalamu mwingine wa Ufaransa, Daudin, alilitia neno hilo katika jina la Kilatini, *vocifer*, na limedumu hadi leo. Kundi lake ndilo lililobadilika. Kwa muda mrefu aliwekwa pamoja na tai wa baharini wa Ulaya na Marekani, lakini katika miaka ya karibuni wataalamu wengi wamemhamishia katika kundi dogo la tai walao samaki wa Afrika na Asia, nao humwandika *Icthyophaga vocifer*.

Ni dhahiri, hata hivyo, kwamba Levaillant hakuwa wa kwanza kumpa jina. Washona wa Zimbabwe humwita *hungwe*, na jina hilo ni pia jina la ukoo mkubwa wenye ndege huyo kuwa mwiko wake. Katika Kibemba na Kinyanja yeye ni *nkwazi* au *nkhwazi*, na makao ya Rais wa Zambia mjini Lusaka yameitwa kwa jina hilo. Mataifa nayo yamempa heshima. Tangu mwaka 1939 alikuwamo katika ngao ya Rhodesia ya Kaskazini, akiwa ameshika samaki; nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1964 na kuitwa Zambia, akaruka hadi kwenye bendera. Namibia ilimweka katika nembo yake ilipopata uhuru mwaka 1990, na Sudan ya Kusini ikafanya vivyo hivyo mwaka 2011.

Mwalimu wa lugha atapendezwa pia na jamaa wa majina haya. Kiswahili kina neno pungu, au kipungu, kwa ndege mkubwa mwindaji. Waganda husema *empungu*. Washona nao wana *chapungu*, yule tai wa mkia mfupi aendaye angani kwa kuyumbayumba. Hapana shaka kwamba maneno haya ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Miongoni mwa magofu ya Zimbabwe Kuu zimepatikana sanamu za ndege zilizochongwa katika mawe, na wataalamu wamebishana kama ndege yule ni *chapungu* au *hungwe*. Yafaa tuone maana ya ubishi huo: unawezekana tu kwa sababu lugha ya Kishona imewatenga ndege hao wawili kwa majina mawili.

Kiswahili nacho kimewatenga ndege wake. Waliotafsiri Biblia iliyotolewa mwaka 1952, walipofikia orodha ya ndege walioharimishwa katika kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 11, waliweza kumweka tai mbali na furukombe, furukombe mbali na kipungu, na mwewe mbali na kozi. Kadhalika yule mla mizoga mwenye shingo tupu, ambaye mwanafunzi wetu alimchanganya na furukombe, ana jina lake mwenyewe, nalo ni tumbusi. Katika mazungumzo ya siku hizi neno tai limewameza wote hawa. Anayepaa juu ya milima ni tai, anayekula mzoga ni tai, na anayevua samaki ni tai. Neno linalobeba mizigo mingi namna hiyo mwishowe halibebi kitu.

Naivasha: ziwa lililotiwa samaki

Sasa tuangalie kwa nini utengano huo una faida. Furukombe akijulikana kuwa mla samaki, mara swali huzuka: samaki wanatoka wapi? Hapo ndipo historia yake inapoingia katika historia ya wanadamu.

Mfano mzuri ni Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Ziwa hili la maji baridi, lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, nao walikuwa wadogo mno kumfaa ndege mkubwa. Mwaka 1925 perege walitiwa humo kutoka Mto Athi. Mwaka 1929 wakaletwa samaki wawindaji kutoka Marekani kwa ajili ya wale wapendao kuvua kwa mchezo. Perege wa aina nyingine walifuata baadaye. Hivyo meza aliyoandaliwa furukombe wa Naivasha iliandaliwa kwa mikono ya watu.

Furukombe waliongezeka kando ya ziwa hilo hata likajulikana kuwa mojawapo ya mahali wanapokaa kwa wingi katika Afrika nzima. Ndipo Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo nchini Kenya na bingwa wa habari za ndege wawindaji, alipowafanyia utafiti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Alihesabu jozi, akapima mipaka yao, akaangalia ni makinda wangapi waliofikia kuruka. Kitabu chake juu ya furukombe kilitoka mwaka 1980, mwaka ule ule aliofariki.

Lakini mkono uliotoa haukuacha kugusa. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani ili wavuliwe na kuuzwa. Kamba hao walizaana na kuteketeza majani yaliyoota chini ya maji, ambayo samaki na ndege wengi waliyategemea. Mwaka 1988 gugumaji lilionekana ziwani. Mashamba makubwa ya maua yalienea kandokando, watu wakaongezeka sana, maji yakavutwa na yakachafuka. Furukombe huwinda kwa macho; maji yakiwa na tope au yakifunikwa na magugu, hawezi kumwona samaki hata akiwapo. Watafiti waliowahesabu furukombe wa Naivasha katika miaka ya 1990 walikuta idadi yao imeshuka sana kuliko ile ya wakati wa Brown, na ni jozi chache tu zilizokuwa zikilea makinda. Baadaye, samaki walipoongezeka tena, ndege nao waliongezeka. Furukombe wa Naivasha amekuwa kama daftari la mahudhurio: afya ya ziwa ikipotea, huonekana kwanza katika hesabu yake.

Kariba na sumu isiyoonekana

Mfano wa pili unatoka kusini. Mwezi Desemba 1958 lango la bwawa la Kariba, katika Mto Zambezi, lilifungwa. Maji yakapanda na kufanya ziwa kubwa mno kati ya nchi zinazoitwa leo Zambia na Zimbabwe. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka katika ardhi ya mababu zao. Furukombe, kwa upande wao, walikuja. Samaki waliongezeka, na miti iliyokufa ndani ya maji ikawa vituo vya kutulia na kuvizia.

Wakati huo katika bonde la Zambezi mbung'o walikuwa wakipigwa vita kwa dawa ya DDT, kwa sababu huambukiza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Shabaha ilikuwa njema. Lakini DDT haiozi upesi. Huchukuliwa na mvua hadi mtoni, huingia katika vidudu vya majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa, na kila ngazi hujilimbikiza zaidi. Aliye katika ngazi ya juu kabisa ni furukombe. Sumu hiyo haimwui papo hapo. Hudhoofisha ganda la yai. Mayai ya furukombe yaliyochunguzwa huko Kariba yalikutwa na mabaki ya DDT, na maganda yake yalikuwa yamepungua unene. Ganda likiwa jembamba mno, mama huweza kulivunja kwa uzito wake mwenyewe anapoliatamia.

Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana mjini Stockholm kuzuia sumu za namna hiyo, nayo DDT ikaachiwa kazi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kama mbu wa malaria, pale inapolazimu. Kwetu sisi wa Ziwa Victoria habari hizi si za mbali. Mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa letu, kwa kuwa ilisemekana kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitia sumu majini ili kuua samaki kwa urahisi. Wazazi wengi wa wanafunzi wetu waliumia kwa marufuku ile. Samaki yule aliyekataliwa Ulaya ndiye aliyekuwa katika sufuria zetu, na ndiye aliyekuwa katika makucha ya furukombe. Sisi na ndege huyu tunakula katika sahani moja.

Kazi ya mwalimu

Furukombe hayumo katika orodha ya ndege walio karibu kutoweka, na tunashukuru. Lakini binamu yake wa Madagaska, anayefanana naye sana, amebaki mia chache tu duniani, kwa kuwa miti ilikatwa na mabwawa yakageuzwa mashamba ya mpunga. Tunalitaja hili ili isidhaniwe kwamba wingi wa leo ni dhamana ya kesho.

Baadhi ya wenzetu watauliza: hayo yote yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Jibu letu ni hili. Mwanafunzi aliyemwita furukombe tai mla mizoga hakukosea neno moja tu. Kwa sababu ya neno lile hakuona tena kilichokuwa mbele ya macho yake. Alimwona ndege akingoja kifo, kumbe ndege yule alikuwa akitazama maji. Na mtoto asiyejua kwamba ndege yule anatazama maji hatashangaa siku atakapoukuta mti uko mtupu.

Aidha, hapa Uganda, kama katika nchi nyingine jirani, mara nyingi Kiswahili kimedhaniwa kuwa lugha ya soko na ya askari, isiyo na maneno ya mambo ya ndani. Kila mara mwalimu anaposema "tai" kwa kukosa subira ya kutafuta, huwapa nguvu wenye dhana hiyo. Maneno yako. Yanatungoja katika kamusi na katika vinywa vya wavuvi.

Tunapendekeza basi jambo dogo. Mwalimu aliye karibu na ziwa au mto awatoe wanafunzi nje asubuhi moja, awaambie wasikilize na kutazama. Kisha waandike walichokiona: rangi, mlio, namna ya kutua, chakula. Waulize nyumbani jina la ndege katika lugha ya mama, waliandike kando ya jina la Kiswahili, na waangalie kama majina hayo ni ndugu. Somo la namna hiyo lina msamiati, lina utungaji, na lina historia ndani yake.

Sisi tulilifanya siku ile ya pili. Tulimrudia mtoto wa mvuvi, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye alikuwa sahihi na mwalimu alikuwa hajui. Tuliandika neno ubaoni. Tulipokuwa tukilisoma kwa pamoja, mlio ulisikika kutoka upande wa ziwa, na darasa zima likageuka dirishani. Hapana aliyesema tai.